Bini zetu zote zinaandikwa kwenye kadi ya kaka, kuna shida?

SWALI: Habari. Mimi na kaka yangu ni wakimbizi kutoka Congo, tulikaa sana kambini Nyarugusu ndo tukaletwa Marekani, saa hii tunachuma epo jimbo la Washington na tunalipwa kwa bini, yale masanduku makubwa ya kujazia epo. Mnyapara alisema nyie si ndugu, chumeni pamoja, bini zote ziandikwe kadi ya kaka. Cheki inatoka kwa jina lake halafu ananipa nusu yangu, na hajawahi kunidhulumu hata senti. Ila jirani ananiambia ni hatari. Hatari gani? Na hii FICA wanayokata ni nini?

JIBU: Dada, poleni na kazi, ile ngazi na lile begi la kifuani si mchezo. Jirani yako kasema kweli, na shida sio kaka yako. Mi kazi yangu ni kutengeneza mishahara ya watu wa mashambani na hii ya kadi moja naiona kila msimu, mke na mume, baba na mtoto, mtu na mdogo wake, na karibu kila mara wanaopunjika ni wao wote wawili.

Twende kwenye hesabu. Washington kulipwa kwa bini hakumwondolei bosi kima cha chini, ambacho mwaka huu wa 2026 ni dola 17.13 kwa saa. Tuseme bini ni dola 30 na kila mmoja wenu kajaza 20 kwa wiki ya saa 40, hapo una 600 na kaka ana 600, wakati kima cha chini cha saa 40 ni 685.20, kwa hiyo kila mtu alitakiwa aongezewe 85.20. Sasa weka zote kadi moja: bini 40, dola 1,200, saa 40, yaani dola 30 kwa saa! Kwenye karatasi kaka anaonekana mchumaji wa ajabu, kumbe ni watu wawili wanaolipwa dola 15 kila mmoja. Dola 170.40 zimeyeyuka ndani ya wiki moja na hata mkaguzi akija hazioni, maana saa zako hazipo popote. Ovataimu nayo ni hivyo hivyo, tangu 2024 vibarua wa shamba huko wanalipwa mara moja na nusu baada ya saa 40, sasa kama saa zako hazijaandikwa utaidai kwa lipi?

Kuna na zile dakika 10 za kupumzika kila saa nne. Mahakama ya juu ya jimbo iliamua 2015 kwamba anayelipwa kwa kipande alipwe mapumziko hayo pembeni, hayamo ndani ya bei ya bini. Na wewe hulipwi, sababu kitabuni haupo.

Halafu ukianguka kwenye ngazi, bima ya kuumia kazini ni haki yako hata hivyo, lakini utaanza kwanza kuthibitisha kwamba ulikuwa unafanya kazi pale. Msimu ukiisha ukaomba pesa ya kukosa kazi wanataka saa 680 zilizoandikwa kwa jina lako. Kaka naye anabeba kodi ya mapato ya watu wawili kama vile yote kayala peke yake.

Sasa FICA. Ni asilimia 7.65 ya mshahara, 6.2 inaenda Social Security ya uzeeni na 1.45 Medicare, bima ya afya ya wazee, na bosi anatoa kiasi kile kile juu yake. Kupata pensheni unahitaji krediti 40, kwa mwaka unapata zisizozidi nne, na mwaka huu krediti moja ni mapato ya dola 1,890. Jasho lako lote saa hii linajaza krediti za kaka, ambaye zikishafika nne kwa mwaka hazizidi tena.

Cha kufanya: kesho mwambie mnyapara unataka kadi yako. Akisema mnachuma mti mmoja, mwambie aandike nusu bini kwa kila mtu, mashamba mengi yanafanya hivyo na haichukui hata dakika. Nunua kidaftari, andika saa ya kuanza, ya kumaliza, na bini zako, piga picha kila tiketi ya bini. Pesa kaka anayokupa atume kwa simu asikupe mkononi, ibaki alama.

Wakigoma, idara ya kazi ya jimbo inaitwa L&I, kulalamika ni bure, unaweza kuomba mkalimani, na unadai ya hadi miaka mitatu nyuma. Kukufukuza kwa sababu umelalamika ni kosa kisheria. Ya Social Security usiiache ikae, kusahihisha mapato kuna mwisho wake, miaka mitatu, miezi mitatu na siku 15 baada ya mwaka husika kuisha.

Ila angalia pia karatasi ya kaka, kama FICA inakatwa sasa lakini Januari W-2 yake, ile karatasi ya mwaka ya mshahara na makato, ije na kiasi pungufu, hiyo ni kesi nyingine kabisa, nitumie picha ila ziba namba zake kwanza.