Kwa wanaoanza kukuza kopepodi: anzeni na kipimajoto

Mkiingia maabara hapa Kisumu, macho yote huenda kwenye hadubini. Nawaomba mshike kipimajoto kwanza, na mkichovye majini. Cha ukutani hupima hewa mnayoivuta nyinyi.

Kopepodi, kiumbe mdogo sana wa majini wa jamii ya kamba, hajipashi joto. Maji yakipoa naye hupoa, na kula, kupumua na kujivua gamba hufuata mwendo huo huo. Akitoka kwenye yai hupitia hatua 6 za naupliasi, yaani kiluwiluwi, kisha 5 za kopepoditi, yaani kijana anayefanana na mzima, ndipo awe mzima. Acartia tonsa wa baharini, hata akishiba, huchukua zaidi ya mwezi kukomaa kwenye nyuzi 10 za Selsiasi; kwenye nyuzi 22 wiki 2 haziishi. Lakini msidhani kila nyuzi moja inaokoa siku zile zile. Kutoka 10 hadi 15 mnaokoa siku nyingi, kutoka 20 hadi 25 chache tu. Mkiunganisha nukta mbili za grafu kwa rula mtapotea.

Kukomaa upesi si kukua vizuri. Joto huharakisha ukomavu kuliko linavyojenga mwili, kwa hiyo mzima wa maji ya vuguvugu huwa mdogo, na jike mdogo hutoa mayai machache kwa mkupuo. Isitoshe, anapumua zaidi: mwani, chakula chake, uliomtosha jana leo haumtoshi. Akishibishwa, mayai ya kila siku huongezeka joto likipanda, hadi kikomo chake. Akikivuka, uzazi huporomoka.

Nilipoanza, nilivua kopepodi wa Ziwa Victoria pale Dunga, ufukwe wa hapa Kisumu, aina ya wale wanaobeba vifuko viwili vya mayai ubavuni. Chupa tatu niliziweka karibu na dirisha, tatu rafu ya ndani. Za dirishani zikatoa wazima siku kadhaa mapema, nami nikaandika kwenye daftari kwamba mwani mpya niliowalisha wa dirishani ndio uliowafaa. Kisha nikalaza jike mmoja kwenye tone la maji, nikakipasua kifuko chake kwa ncha ya sindano na kuhesabu. Mayai yalikuwa machache kuliko ya jike wa rafuni, na mwenyewe alikuwa mfupi. Saa nane mchana nikachovya kipimajoto: dirishani nyuzi 31, rafuni 25. Mwani haukuwa umefanya lolote. Kazi ya wiki kadhaa nikairudia, na iliniuma.

Mkitoka kwenda ziwani, jihadharini na kosa la upande wa pili. Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa letu, haina majira ya baridi kama Atlantiki ya kaskazini, ambako Calanus finmarchicus hujaza mafuta mwilini kisha huzama vilindini kungoja majira ya kuchipua. Wetu huzaa mwaka mzima. Mkikuta wavu umejaa wadogo tu, msilitwike joto lawama hapo hapo: omena, dagaa wa ziwani, huwinda kwa macho na huanza na walionona, hasa majike wenye mayai. Maabara haina omena, ndiyo maana tunawakuza humu kabla ya kusema lolote kuhusu ziwa.

Basi pimeni alfajiri, saa nane mchana na usiku, ndani ya kila chupa. Mkibadilisha joto, badilisheni polepole, na chakula kiwe tele kote. Andikeni pia urefu wa jike kando ya idadi ya mayai yake, kila mara, hata mkiwa mmechoka.