Wasomaji Wanauliza: Hema Karibu na Mji, Tulale Wapi?

Mwezi huu barua nyingi zinauliza kitu kimoja, shule zinafunga na watu wanataka kutoka na hema lakini bila kwenda mbali. Nimechukua nne. Ya kwanza nitaikalia sana manake ndani yake kuna maswali ya watu wengi.

SWALI: Habari za kazi ndugu mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Kireka, nje kidogo ya Kampala hapa Uganda, mdogo ana miaka minne. Bwana amenunua hema la watu sita na anataka Disemba tulale nje usiku mmoja tu tuone itakuwaje. Yeye anataka bichi moja ya njia ya Entebbe, ametumiwa picha kwa WhatsApp na kweli ni pazuri, ziwa liko mbele kabisa. Dada yangu anasema twende Jinja, pale Bujagali, tuone maporomoko. Mimi naogopa mbu, naogopa wezi, na mtu akisema msitu naogopa zaidi. Gari letu ni Noah. Tuchague wapi?
*Mama Kireka*

JIBU: Nyabo asante kwa barua. Nianze na dada yako. Maporomoko ya Bujagali hayapo tena, yalizama walipojaza maji kwenye bwawa la umeme lililozinduliwa 2012, sa hivi pale ni maji yaliyotulia tu, bado ni pazuri na kambi zipo lakini zile picha za maji yanayoruka ni za zamani. Hiyo ndo shida ya kuchagua kwa picha. Picha haikuambii ni ya mwaka gani, alafu zote zinapigwa mchana na wewe unaenda kulala. Kambi ya karibu na mji ichague kwa usiku wake.

Bichi za njia ya Entebbe, na za Ggaba na Munyonyo, Jumamosi mchana unakuta familia na watoto na samaki wa kukaanga, safi kabisa, alafu saa mbili usiku spika zinafunguliwa na muziki unaenda mpaka alfajiri na hema halina ukuta wa kuuzuia. Sisemi ni bichi zote, nasema uliza kwanza, na usiulize "pametulia?" kwa sababu hakuna mwenye kambi atakwambia hapajatulia. Uliza hivi: Jumamosi hiyo kuna shoo? Baa ya jirani inafunga saa ngapi? Kanisa la karibu lina mkesha Ijumaa? Na kama unaweza omba uongee na askari wa usiku badala ya yule wa kupokea bukingi, askari ndo anakuwa pale saa nane za usiku na anajua.

Ziwa Victoria lenyewe nalo lina mambo yake. 2020 lilipanda mpaka bichi nyingi za Entebbe na Ggaba zikaingia maji, kwa hiyo ile nyasi iliyo karibu kabisa na maji usiione kama ndo sehemu nzuri ya kulala. Watoto wakiona maji watataka kuingia, na kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ndo konokono wa kichocho wanakaa. Alafu huyo wa miaka minne akiamka usiku akafungua zipu mwenyewe na maji yako hatua chache... hapana mama, sio kwa usiku wenu wa kwanza.

Mimi ningewapeleka Mabira. Najua umesema msitu unauogopa lakini nisikilize kidogo. Nyinyi mko Kireka, tayari mko njia ya Jinja, hamvuki mji. Watu hawaliangalii hilo, mtu wa Kireka anachagua kambi ya Entebbe, anakaa kwenye jam mpaka watoto wanatapika, anafika giza limeshaingia anapiga hema kwa tochi ya simu na hapo wikendi imeshaharibika. Chagua kambi ya upande wako wa mji. Mtu wa Nateete au Kyengera ningemwambia aende Mpanga, ule msitu wa njia ya Masaka ukishapita Mpigi, karibu na Mpambire wanapotengeneza ngoma, kutoka Kampala haifiki kilomita 40. Lakini nyinyi ni Mukono, Namawojjolo hapo mnunue kuku na gonja, Lugazi, alafu Najjembe, kama kilomita 50 na kitu kutoka Kampala. Kituo cha utalii kiko pale pale msituni, msitu uko chini ya NFA, ile mamlaka ya misitu, kuna mahali pa hema na asubuhi kuna waongozaji wa kuwatembeza watoto waone tumbili. Pigeni simu mapema muulize bei, na muulize kama maji yanatoka na choo kinafanya kazi *wiki hiyo*. Na Lugazi kuna hospitali ya Kawolo, iko pale kwa barabara kuu, mimi kwa mama mwenye watoto naiweka mbele ya bafu la maji moto. Malori ya kwenda mpakani Malaba mtayasikia kwa mbali, sikudanganyi, lakini mtoto analala nayo, na spika halali nayo.

Tokeni Jumamosi asubuhi, sio Ijumaa jioni, Ijumaa jioni Mukono hapapitiki. Mfike kabla ya saa tisa mchana kwa sababu hapo kazi inaanza, kuchagua mahali penyewe pa kuweka hema. Usikubali tu pale ulipoonyeshwa. Tembea uangalie nyasi, zimelala zote upande mmoja? Kuna majani makavu na vijiti vimejipanga mstari kwenye mizizi ya mti? Basi mvua ikinyesha maji yanapita hapo hapo, hata kama leo ni pakavu kabisa. Chukua jerikani mwaga maji kidogo, yakikaa juu bila kuzama huo ni udongo wa mfinyanzi, sogea. Sukuma kigingi kwa mkono, kikizama chote kama kwenye posho hata upepo utakitoa, kikigoma kuna mawe chini na nyinyi ndo mtayalalia. Alafu inua macho, kama kuna tawi kavu juu yenu ondokeni, tawi halisubiri upepo.

Na mti uliosimama peke yake mahali wazi usikae chini yake. Nchi yetu radi ni nyingi, 2024 kule Palabek wilaya ya Lamwo radi iliua watu 14 waliokuwa kwenye maombi. Ngurumo zikianza ingieni wote kwenye Noah, fungeni milango na vioo mpaka ipite, kwenye radi gari linakinga na hema halikingi. Mvua zile kubwa za Septemba mpaka Novemba zinakuwa zinaisha Disemba lakini huku karibu na ziwa mvua inakuja tu inapotaka.

Siafu jamani. Kabla hamjafungua hema zungukeni eneo lote mkiangalia chini, ile mistari ya kahawia inayotembea, haswa kama imenyesha. Mkiiona msihangaike na dawa, hamisheni hema. Chakula chote kilale kwenye gari, hata biskuti za mtoto, panya wanakuja usiku na tumbili asubuhi. Kuhusu mbu, hema liwe na neti isiyotoboka na zipu ifungwe saa kumi na mbili jioni kabla hawajaingia, mkifunga saa tatu mnafunga nao ndani. Kuhusu wezi, taka kambi yenye geti moja na askari ambaye utamwona kwa macho kabla hujalala, mjue jina, gari liegeshwe kando ya hema sio kule mbali getini, na viatu viingie ndani.

Kimoja cha mwisho na hiki nakuomba umsomee bwana pia. Sigiri isiingie ndani ya hema. Hata kama kuna baridi, hata kama makaa yamebaki kidogo na hayatoi moshi. Ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini, familia nzima. Ipikieni nje, iacheni nje.

SWALI: Mimi ni dereva natoka Mombasa. Nitawaongoza wageni wawili Wajerumani, wana lori walilolifanya nyumba, lina kitanda, jiko, choo, na kwenda juu ni zaidi ya mita tatu na nusu. Tunaingia kwa Malaba. Wanataka kulala Kampala katikati waone mji. Inawezekana?
*Dereva, Kisauni*

JIBU: Kaka, katikati usijaribu na hilo lori. Mkitoka Malaba laleni Jinja kwanza, kambi za pale kando ya Nile zimezoea magari ya wasafiri wa mbali. Asubuhi mapema vukeni lile daraja jipya la 2018, na mkikaribia Kampala msiingie mjini, shikeni Northern Bypass kutoka Bweyogerere mpaka Busega, hapo mnapanda Expressway mpaka Entebbe. Inalipiwa tangu Januari 2022, gari dogo ni shilingi 5,000, lenu litalipa zaidi. Lori mnaliacha kambini Entebbe, Kampala mnaiona kwa gari la kukodi.

Kabla hujalipa kambi uliza vitu ambavyo mwenye hema hana haja navyo. Geti lina boriti juu? Nyaya za umeme kwenye kile kinjia cha kuingilia zinaning'inia kiasi gani? Usikisie kwa macho wala usiamini makaratasi ya gari, pima na tepu mpaka juu ya ile solar waliyofunga. Lori linageukia ndani au utatoka kwa rivasi mpaka barabarani? Na ukipewa kuchagua kati ya nyasi nzuri na changarawe mbaya chukua changarawe, nyasi za huku baada ya mvua zinameza tairi na kesho yake mnatafuta trekta.

Umeme ni 240 volti na soketi ni ya miguu mitatu ile ile ya kwenu Kenya, plagi yao ya duara haitaingia, waje na adapta. Fuata waya uone unatoka wapi, kambi zingine ni ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu imevutwa kutoka jikoni, ukiwashia jiko la umeme inaungua.

Alafu choo cha gari, hapa nataka uwe mkali na wageni wako. Kile kitanki hakimwagwi kando ya ziwa, wala kwenye mtaro, wala vichakani usiku. Muulize mwenye kambi septiki iko wapi na umwambie wazi wanatumia dawa gani, kwa sababu zile dawa kali za kuua harufu zinaua pia bakteria wanaofanya kazi ndani ya septiki, nyinyi mkiondoka yeye anabaki na shimo limekufa. Kuna dawa za kawaida zisizodhuru, wazinunue huko kwao kabla ya kuja. Watu wanachota maji ya kunywa kwenye hilo ziwa.

SWALI: Sisi ni wanafunzi hapa Mbarara, tuko saba na hema tatu, hela ni kidogo. Tunaweza kupiga hema bure kwenye kilima chochote nje ya mji ama lazima Lake Mburo?
*Saba wa Mbarara*

JIBU: Wadogo zangu, kilima chochote kina mwenyewe, hata kile mnachoona ni ng'ombe tu. Ongeeni na mwenye shamba, akikubali mwende kwa mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji, na vitambulisho vyenu, mumwambie mko wangapi na mnaondoka lini. Fanyeni hivyo mchana. Kijiji kikiona tochi saba kilimani usiku na hakuna anayewajua, watu watakuja wengi na hawatakuja kusalimia.

Mburo mkipata hela nendeni kweli, UWA, wale wa hifadhi za wanyama, wanatoza kiingilio na hela ya hema mbali mbali kwa hiyo hesabuni zote mbili na usafiri. Kambi ya pale kando ya ziwa inapendeza sana lakini viboko wanatoka majini usiku kula nyasi, na nyasi wanazokula ni hizo mnazolalia. Hema zisikae kwenye njia yao ya kutoka majini, utaiona, ni kama mtaro umekanyagwa mpaka udongo, na mkiwa na wasiwasi muulizeni renja awaonyeshe. Ukitaka kukojoa usiku mulika kwanza kutoka ndani, pande zote, toka na mwenzako. Ukimwona rudi ndani polepole. Usimmulike machoni na usitafute simu ya kupiga picha.

SWALI: Nampeleka mama watoto Bunyonyi, tutalala kwenye hema kambi ya karibu na Kabale mjini. Wananitisha na baridi. Nibebe blanketi ngapi?
*Mzee wa Masaka*

JIBU: Mzee wangu, baridi ni ya kweli, lile ziwa liko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari na Kampala ni kama 1,200 tu. Lakini baridi itawapata kutoka chini kabla ya juu. Blanketi mbili nzito zinatosha, ongeza turubai chini, juu yake mkeka, juu yake godoro, na mama watoto mbebee soksi za sufu na kofia ya kulala nayo.