Jina la Kichwani: Majibu kwa Barua za Wapiga Gitaa

Barua zilizotufikia safari hii zimezunguka jambo moja: jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa, yaani kwenye ncha ya shingo inayokazia nyuzi, ni mali ya nani, na mnunuzi anapaswa kuliamini kwa kiasi gani? Tumechagua tano, tukazifupisha bila kubadili maana yake.

SWALI: Nina gitaa lenye sahani ya chuma tumboni, na kichwani lina jina la kampuni isiyojulikana sana. Aliyeniuzia aliliita "dobro" kuanzia salamu hadi kwaheri. Sasa nataka kuliuza kwa tangazo, lakini rafiki yangu ananionya kwamba Dobro ni jina la kampuni na kwamba nikiliandika nitajitafutia kesi. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, wote wawili wana haki, isipokuwa mmoja anasema lugha ya wanamuziki na mwingine lugha ya sheria. Gitaa la namna hiyo lilibuniwa Los Angeles katika miaka ya 1920 na John Dopyera, fundi mwenye asili ya Slovakia, wakati ambapo sauti ya gitaa la kawaida ilikuwa ikimezwa na tarumbeta na ngoma za bendi kubwa. Badala ya kutegemea ubao peke yake, aliweka koni nyembamba za alumini chini ya sahani ya chuma, nazo zikaipaza sauti. Kampuni iliyoyatengeneza magitaa hayo iliitwa National. Dopyera hakuelewana na wenzake, akaondoka mwaka 1929, na pamoja na ndugu zake akaanzisha kampuni mpya. Kwa kuwa kazi ya awali ilikuwa mikononi mwa National, ndugu hao walikuja na mpango mwingine: koni moja iliyogeuzwa ikatazama juu kama bakuli, na juu yake daraja la chuma, yaani kipande kinachobeba nyuzi, lenye miguu minane lililotandazwa mfano wa buibui. Ukifungua sahani ya gitaa lako ukamkuta buibui huyo, ujue umeliona wazo lao kwa macho yako.

Jina walilolichagua lilikuwa na werevu wa pekee. "Do" ilitoka katika Dopyera, "bro" ikatoka katika neno la Kiingereza la ndugu wa kiume, na silabi hizo mbili zikiunganishwa huwa ni neno la Kislovakia lenye maana ya wema au uzuri. Lakini jina likishasajiliwa huwa mali kama shamba, na shamba huuzwa. Kampuni ya Dobro iliungana na National katika miaka ya 1930, na katika miaka ya 1960 jina likaangukia mikononi mwa Semie Moseley, mwenye magitaa ya Mosrite. Kwa hiyo akina Dopyera walipotaka kuirudia kazi yao wenyewe, hawakuweza kuiita kwa jina lililotokana na ukoo wao, na baadhi ya magitaa yao yakatoka yakiitwa Hound Dog. Jina lilirudi nyumbani mwaka 1970, kisha mwaka 1993 Gibson, kampuni kubwa ya magitaa ya Marekani, ikainunua kampuni pamoja na jina, na ikawatangazia watengenezaji wengine kwamba haitavumilia kuona Dobro kwenye bidhaa zisizo zake.

Ukali huo una sababu. Alama ya biashara hufa pale umma unapoigeuza kuwa jina la kitu chenyewe, na mwenye alama anayenyamaza wakati watu wanaitumia ovyo huwa anajichimbia kaburi. Basi katika tangazo lako andika "gitaa la rezoneta", ambalo ndilo jina la jumla la magitaa ya koni kama hilo, ulitaje jina la kampuni lililopo kichwani, nawe utakuwa salama. Jukwaani na mazoezini liite dobro kadiri upendavyo. Kampuni haziwashtaki watu kwa mazungumzo.

SWALI: Nimeonyeshwa gitaa la Japani la miaka ya 1970 linalofanana na Les Paul ya Gibson kama shilingi kwa ya pili. Muuzaji anadai ni "gitaa la kesi", yaani moja ya yale yaliyopigwa marufuku na mahakama ya Marekani, na kwa sababu hiyo bei yake iko juu. Kuna ukweli wowote?

JIBU: Kesi ilikuwapo, marufuku haikuwapo. Mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyokuwa ikiimiliki Gibson, iliishtaki kampuni ya Elger ya Pennsylvania, ambayo ndiyo iliyosambaza magitaa ya Ibanez nchini Marekani. Shauri lilihusu umbo la kichwa, si umbo la gitaa zima. Kichwa cha Gibson kina ukingo wa juu wenye mawimbi mawili yanayokutana katikati kwenye kibonde kidogo, kama kitabu kilichofunguliwa, na Ibanez ilikuwa imetoa magitaa yenye ukingo huo huo. Pande mbili zilimalizana nje ya mahakama mwaka 1978, hakuna hakimu aliyetoa hukumu, na tena Ibanez ilikuwa imekwisha kuanza kubadili vichwa vyake kabla ya karatasi za mashtaka kufika. Kampuni nyingine za Japani zilizotoa nakala za aina hiyo hazikuwa washtakiwa katika shauri hilo. Kwa hiyo gitaa lisilo la Ibanez linaloitwa "gitaa la kesi" linaazima sifa ya mtu mwingine, na hata la Ibanez lenyewe halikupigwa marufuku na yeyote.

Inachekesha kidogo kwamba mshtakiwa wa hadithi hiyo naye alikuwa amebeba jina la kuazima. Ibanez si jina la Kijapani. Salvador Ibáñez alikuwa fundi wa magitaa wa Valencia, Hispania. Kampuni ya Hoshino Gakki ya Nagoya ilianza kuagiza magitaa yake mwaka 1929, na baadaye ikalichukua jina na kulitia kwenye magitaa yake yenyewe.

Hayo yote hayana maana kwamba gitaa uliloonyeshwa ni baya. Nakala nyingi za miaka hiyo zilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa, na kama shingo imenyooka na sauti imekuridhisha, linunue kwa sababu hizo. Jambo la kuchunguza ni tofauti kati ya nakala na bandia. Nakala inaiga umbo lakini inakiri kichwani ni nani aliyeitengeneza. Bandia inasema uongo. Niliwahi kuletewa gitaa la Kijapani ambalo mtu alikuwa amelikwangua jina lake la asili na kubandika jina la Gibson. Kwa macho usingeona kitu, ila nilipopitisha ukucha juu ya kichwa ulijikwaa kwenye ukingo wa lebo, na chini ya taa iliyowekwa ubavuni, ubao ulionyesha kivuli cha herufi za zamani. Gitaa zuri lilikuwa limeharibiwa kwa kutafutiwa heshima lisiyoihitaji.

SWALI: Ikiwa jina linasajiliwa, umbo la gitaa nalo linaweza kusajiliwa? Naona magitaa ya umbo la Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, yakitengenezwa na kila mtu.

JIBU: Linaweza, lakini ni vita ngumu, na majibu ya mahakama hayafanani. Ulichokiona kuhusu Stratocaster kina historia yake. Fender iliomba nchini Marekani isajiliwe maumbo ya miili ya Stratocaster, Telecaster na besi ya Precision. Watengenezaji kadhaa wakapinga, na mwaka 2009 baraza la rufaa la alama za biashara likakataa maombi hayo, kwa kuwa kwa miaka mingi wengine walikuwa wameyatumia maumbo hayo kiasi kwamba mnunuzi hawezi kuyaona akafikiria kampuni moja peke yake. Kichwa cha Fender ni habari nyingine. Hicho kinalindwa, na ndiyo maana utaona fundi anaiga mwili wote kwa uhuru lakini akifika kichwani anapinda msumeno mahali pengine.

Shauri ninalolipenda zaidi ni la Gibson dhidi ya kampuni ya Paul Reed Smith, kuhusu gitaa lililoitwa Singlecut, lenye mkato mmoja chini ya shingo kama Les Paul. Mwaka 2004 mahakama iliamuru utengenezaji wake usimamishwe. Kwenye rufaa, Gibson ilikuwa imekubali kwamba mtu aliyeshika Singlecut dukani hawezi kudhani ni Les Paul, kwa kuwa jina linasomeka wazi. Ikajaribu badala yake kusema kwamba mtu aliyekaa mbali ndani ya baa iliyojaa moshi anaweza kumwona mpigaji jukwaani akadhani ameshika Les Paul. Mwaka 2005 majaji wa rufaa waliikataa hoja hiyo na kuiondoa amri. Naona walikuwa sahihi: kwa mbali na katika moshi hata punda hufanana na farasi, na haiwezekani sheria ipimwe kwa macho ya aliye mbali kuliko wote.

Huko Ulaya nako, mwaka 2019, Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya iliona kwamba umbo la Flying V ya Gibson, lile linalofanana na mshale, halikutofautiana vya kutosha na maumbo mengine yaliyokuwapo sokoni. Lakini usidhani Gibson hushindwa kila mara. Mwaka 2022, huko Texas, jopo la raia waliokaa kama waamuzi lilisema kampuni inayotengeneza magitaa ya Dean imeingilia maumbo yake kadhaa, likiwamo hilo hilo la Flying V. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa iliagiza kesi isikilizwe upya, kwa sababu ushahidi wa jinsi wengine walivyoyatumia maumbo hayo kwa miongo mingi ulikuwa umezuiwa. Umbo moja, basi, nchi tofauti, majibu tofauti.

SWALI: Gitaa la kampuni ya Martin la karne ya 19 limepigwa muhuri wa New York, ilhali kiwanda kipo Nazareth, Pennsylvania. Ni bandia?

JIBU: Muhuri huo peke yake si dalili ya ubandia. Martin ilianza New York mwaka 1833, ikahamia Pennsylvania miaka michache baadaye, lakini iliendelea kupiga muhuri wa New York hadi 1898, kwa kuwa wakala na soko lake vilikuwa huko. Muhuri wa Nazareth kwenye gitaa linalodaiwa kuwa la 1870 ndio ungenitia shaka.

SWALI: Mimi ni fundi chipukizi, na jina la ukoo wangu linafanana na la kampuni kubwa ya magitaa. Nikiliandika kichwani, si haki yangu ya kuzaliwa?

JIBU: Kuitwa jina lako ni haki yako, kuuzia bidhaa kwa jina hilo ni jambo lenye mipaka, hasa bidhaa ikiwa ni ile ile. Wayne Charvel, fundi wa magitaa wa Marekani, aliuza biashara yake mwaka 1978 na jina likaenda nayo. Kabla hujachapisha chochote, nenda kwa msajili wa alama za biashara utafute katika daraja la 15, ambalo ndilo la ala za muziki, na utafute hata majina yanayofanana kwa sauti, si kwa herufi tu.

Hilo la sauti lilimgusa Leo Fender mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni ya Fender. Mwaka 1950 alitoa gitaa la umeme aliloliita Broadcaster. Mapema 1951 ikaja simu ya maandishi kutoka Gretsch, iliyokuwa ikiuza ngoma ziitwazo Broadkaster, kwa herufi ya k. Fender hakubishana. Lebo zilikuwa zimekwisha kuchapishwa, basi karakana ikachukua mkasi, ikakata neno la gitaa na kuacha neno Fender peke yake. Magitaa ya miezi hiyo ndiyo wakusanyaji wanayoyaita Nocaster, na baadaye lilipatikana jina la Telecaster.

Mwaka 1965 aliuza kampuni kwa CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, jina likiwamo. Alipokuwa G&L, kampuni yake ya baadaye, alitoa mwaka 1985 gitaa aliloliita tena Broadcaster, na safari hii waliolalamika ni kampuni ya Fender. Likabadilishwa likaitwa ASAT. Ila tazama kichwa cha magitaa ya G&L: herufi kubwa ni za kampuni, na chini yake, kwa maandishi madogo, inatajwa kwamba ni magitaa ya Leo Fender. Muulize mwanasheria wako kama nawe unaweza kulitaja jina lako kwa namna hiyo, kama fundi na si kama nembo, na chagua jina jingine kuu kabla hujalichoma kwenye ubao wa kwanza. Lebo ya Broadcaster ilikatika kwa mkasi kwa sababu ilikuwa ya kubandika.