Kompyuta "inayoongezeka": niulize mimi niliyeumia

Jana usiku kijana mmoja ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata kompyuta ya kampuni kubwa, mtumba wa Ulaya, laki sita na nusu. Muuzaji anasema inaongezeka, naanza nayo hivi halafu napandisha taratibu. Nichukue, au nitafute fundi aniungie?"

Nilicheka peke yangu. Maneno hayohayo niliambiwa mwaka 2019, nikayaamini mpaka yakaniaibisha mbele ya wakwe za watu.

Mimi nahariri video za sendofu na harusi. Ile mashine kweli ilikuwa inaongezeka. Unavuta kishikio, ubavu unafunguka bila bisibisi, diski inateleza yenyewe kwenye reli zake. Siku niliyoongeza ramu kutoka GB 8 hadi 16 nilijiona injinia. Shemeji yangu alikuwa na kompyuta ya kuungwa Kariakoo, na mimi nilikuwa namwita "mzee wa viraka". Naandika hili kwa aibu.

Kisha Jumatatu moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine, ikafa. Video ya harusi ilitakiwa Ijumaa.

Fundi alifungua, akanyamaza. Kompyuta ya kawaida, waya mkuu wa umeme una pini 24. Yangu ilikuwa na pini 6. Waya wa kugeuzia upo, tukazunguka Kariakoo kutwa nzima, tukapata wa pini 8! Nikasema basi tuhamishie mazabodi, ile bodi kuu inayoshika vipuri vyote, kwenye kasha lingine. Matundu ya skrubu hayakulingana, hata plagi ya kitufe cha kuwashia ilikuwa ya kwao wenyewe. Yaani kila kitu kilitoka kwa urahisi, ila hakuna kilichokubali kwenda kwingine.

Spea iliagizwa Dubai: wiki 3, shilingi 240,000. Ya kawaida dukani ilikuwa 70,000. Ile harusi niliihariri sebuleni kwa shemeji, usiku, kwenye kompyuta yake ya viraka, na nikaikabidhi Jumapili. Shemeji hakusema neno. Mama wa bibi harusi alisema, tena kwa sauti.

Baadaye nilisoma nikakuta hata wakubwa walishapita njia hii. IBM walipotoa PC yao mwaka 1981 waliijenga kwa vipuri vya kununua, wengine wakaiga, soko likajaa. Mwaka 1987 wakaja na PS/2, yenye nafasi za kuchomeka kadi za nyongeza za mfumo wao peke yao. Anayetaka kuutumia alipie leseni. Mwaka uliofuata washindani 9, Compaq akiwemo, wakaungana wakatangaza mfumo wao, na ule wa IBM haukushika soko. Mwaka 1995 Intel wakatoa ATX, vipimo vya pamoja vya mazabodi na makasha, na mazabodi ya vipimo hivyo ya leo bado inaingia kwenye kasha la zamani, skrubu kwa skrubu.

Ndugu zangu, acheni kununua ahadi. Swali la "inaongezeka?" halina maana, uliza "inaongezeka kwa spea za nani?" Kama spea ziko kwa mtu mmoja, bei anapanga yeye na ratiba yako ya kazi anaishika yeye. Narudia: spea za nani? Ofisi yenye mashine 50 na mkataba wa matengenezo, sawa, wachukue za kampuni, ni tulivu na hazili umeme. Mimi na wewe mkataba wetu ni fundi na miguu yetu wenyewe.

Sasa na mimi natumia ya kuungwa, kasha langu ni lilelile tangu 2020. Ndani yake nimeshabadilisha mazabodi mara 2 na pawa saplai mara 1, zote nimenunua kwa kutembea. (Shemeji ndiye aliyenisindikiza.)

Kijana nimemjibu: kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji afungue ubavu, uhesabu pini za waya mkuu. Ujumbe ameusoma, hajajibu. Nadhani keshalipa.