Kila mtu na maadili yake?

Swali: Kwenye kikao kazini nilisema, "Dhamira yangu inanisuta kusaini ripoti hii." Mwenzangu akanijibu, "Kila mtu na maadili yake." Je, tumesema sawasawa? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na lako, maana ni jepesi. Dhamira ni nia au kusudi. Kile kinachokukanya moyoni ni dhamiri. Wengi huyachanganya, ila kuyatenga kuna faida: mtu aweza kuwa na dhamira ya kuiba, dhamiri ikamzuia.

La mwenzako ni zito zaidi. Maadili yanatokana na adili, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya haki na unyoofu. Tukisema "yule hana maadili", tunampima kwa kipimo cha wote. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Ingekuwa na maana gani kama kila kiongozi ana yake? Mtu mmoja ana msimamo, ana dhamiri, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 32, inamlindia uhuru wa dhamiri hiyo. Maadili ni ya watu.

Lakini umetumia kitenzi ninachokipenda mno: kusuta. Uswahilini, aliyesengenywa huchukua mashahidi, akaenda hadi mlangoni kwa mwenye maneno, akamuuliza majirani wakisikia: "Ulisema, hukusema?" Sasa mchukue aliyerudishiwa na mangi wa dukani chenji ya elfu kumi badala ya elfu tano, akanyamaza. Hakuna aliyeona. Usiku usingizi hauji, nafsi inamsuta. Shahidi yumo ndani, na swali ni lile lile. Kwa Kiswahili, dhamiri ni mtaa uliohamia kifuani. Kwa anayeishi ghorofani leo, asiyemjua hata jirani wa ukutani, naamini mtaa huo wa ndani una kazi kubwa kuliko zamani.

Tena mara nyingine ndio unaobaki peke yake. Kikao kizima kinasaini, wewe mkono unagoma. Hapo hujajitungia maadili yako. Umeyashika yale yale ya wote, wenzako walipoyaachia. Mwenzako angesema "kila mtu na msimamo wake", lugha isingemkosoa.

Nawe nikurekebishe kidogo tu. Kusuta hufuata tendo lililokwisha kutendwa. Kama bado hujasaini, sema "dhamiri yangu inanikataza". Ukishasaini ndipo itakusuta.