Viumbe wa sayari nyingine wakitutumia ujumbe, tutausomaje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, Tukuyu, Mbeya. Wanafunzi wa klabu ya sayansi wananibana: viumbe wa huko angani hawajui lugha yetu hata moja, sasa ujumbe wao wa redio watauandikaje mpaka tuuelewe?

JIBU: Mwalimu, sisi tungeweka dau kwenye picha iliyokatwakatwa kuwa 0 na 1. Picha haidai lugha, inadai mpokeaji ajue upana wake tu. Kazi hiyo hufanywa na namba tasa: jumla ya tarakimu ikiwa zao la namba tasa mbili, mistatili inayowezekana ni miwili tu. Ujumbe wa wanadamu uliorushwa angani kutoka darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, tarehe 16 Novemba 1974 ulikuwa na tarakimu 1,679, yaani 23 × 73.

Darasani anzeni na 35. Andika ubaoni, usieleze kitu:

00100001001111100100001000101010001

Kila kundi lipewe punje 13 za mahindi (ndizo 1) na 22 za maharage (ndizo 0). Wakipanga saba saba kila mstari, ni vurugu tupu. Wakipanga tano tano, anatokea mtu kanyoosha mikono, kapanua miguu.

Sasa futa tarakimu moja ya katikati. Zimebaki 34, ambazo ni 2 × 17, na picha imepotea. Hata anayekisia upana wa 5 ataona kila kitu baada ya pengo kimesogea nafasi moja. Kwa hiyo mtumaji makini hurudia ujumbe uleule mara nyingi, nakala zilinganishwe. Wala hafanyi ukimya kuwa 0, kwani mawimbi yakififia nayo ni ukimya. Hutumia masafa mawili yanayokaribiana, moja kwa 0 na jingine kwa 1. Arecibo yalipishana kwa hezi 10 tu.

Wasikilizaji wengi wa ujumbe wa angani hutega karibu na megahezi 1,420, masafa ya mawimbi yanayotolewa na haidrojeni, ambayo mtaalamu yeyote wa nyota anayajua. Wimbi lenyewe liwe jembamba sana, yaani lishike masafa machache tu, maana vyanzo vya asili hutapanya nguvu zao kwenye masafa mengi. Tatizo ni kwamba sayari huzunguka, hivyo masafa huhama polepole. Kifaa kisichoyafuata hulipoteza.

Makundi yakianza kutungiana ujumbe, pigeni marufuku mshale. Huo anauelewa aliyewahi kuona mshale ukirushwa.