Kijiwe cha Mwalimu: Anayetangulia na Anayevizia

Toleo lililopita, nikimjibu msomaji aliyeuliza kuhusu mbio za masafa ya kati, nilichomekea sentensi moja mwishoni: kwamba mimi namheshimu zaidi mkimbiaji anayetangulia tangu mlio wa bastola kuliko yule anayejificha mgongoni mwa mwenzake, halafu akamchomoka mita hamsini za mwisho. Basi nimechokoza nyuki. Barua zimekuja, ujumbe wa simu umekuja, na juzi muuza kahawa wa nje ya uwanja wa Mkwakwani aligoma kunijazia kikombe mpaka nimweleze nina maana gani. Na si watu wa riadha peke yao. Wa ngumi wamo, wa soka, wa kikapu, hata wa bao. Nimechagua zenye hoja.

*Mwalimu, shikamoo. Kila ukishika kalamu ni Bayi, Bayi, Bayi. Kama kutangulia ndio ushujaa, mbona Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, hana dhahabu ya Olimpiki, na John Walker wa New Zealand anayo? Historia inahesabu medali.*
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Dhahabu ya Walker ni halali yake, sina ugomvi nayo. Ila tuisome saa kwanza.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, huko huko kwao Walker, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi alitoka mbele, akafungua pengo, akawa anakimbia kama yuko mazoezini peke yake. Waliokuwa nyuma walikuwa na kila sababu ya kuamini atakatika, maana wanaokimbia hivyo karibu wote hukatika. Walker alimsogelea mita za mwisho, akasogea tena, mstari ukawahi kabla yake. Bayi 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker 3:32.52, naye akiwa ameshaipita rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun. Wa tatu, Ben Jipcho wa Kenya, 3:33.16, akaikosa hiyo ya Ryun kwa unywele tu.

Sasa twende Montreal, 1976. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ile, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na bado New Zealand ikaruhusiwa kushiriki. Bayi hayupo. Walker akashinda kwa 3:39.17. Toa hesabu mwenyewe: karibu sekunde saba zaidi ya alizotumia alipokuwa akimfukuza Bayi. Miguu ile ile, mapafu yale yale. Aliyekosekana ni mtu wa mbele.

Hicho ndicho ninachokisema, na sitakiacha. Anayetangulia hajikimbilii peke yake. Anawavuta wote walio nyuma yake kwenda mahali ambapo wenyewe wasingethubutu. Anayevizia anachukua medali, sawa, aichukue. Lakini fainali ya waviziaji kumi na wawili ni matembezi ya jioni yenye mbio fupi mwishoni.

*Mwalimu wa Tanga, pokea salamu kutoka Iten. Mimi hufunza vijana mbio. Unayoyasema ni ya mapenzi, si ya kazi. Wa mbele ndiye hukata upepo, wa nyuma anapumzika. Ndiyo maana Vienna mwaka wa 2019 Eliud Kipchoge alipewa wakimbiaji 41 wa kupokezana kumkinga. Kama bingwa kama yule hakutangulia, wewe ni nani kutuambia tutangulie?*
*Kocha, Iten, Kenya*

Kocha, salamu zimefika. La upepo ni kweli tupu, na ndilo linalonipa nguvu. Kama kukaa mbele kungekuwa rahisi, kungekuwa na cha kuheshimu? Ile 1:59:40 ya Vienna niliitazama nikiwa nimesimama, na sitaki kumsikia mtu anayeidharau. Ila haikuandikwa rekodi ya dunia, na moja ya sababu ni hao hao uliowataja, waliokuwa wakiingia na kutoka njiani. Rekodi alikuja kuiweka Berlin, 2:01:09, mwaka 2022. Kwa Kipchoge sina neno.

Neno langu ni kwako wewe. Inakuwaje mtu wa Kenya anifundishe kuvizia, na David Rudisha ni wa kwenu? London, tarehe 9 Agosti 2012, mita 800. Fainali ya Olimpiki haina wa kukuwekea kasi, kila mtu na roho yake. Rudisha alishika uongozi mapema, akapita kengele ya mzunguko wa mwisho chini ya sekunde 50, na hakuna aliyeona tena uso wake mpaka mwisho. 1:40.91. Ni mtu wa kwanza kukimbia umbali ule chini ya dakika moja na sekunde 41.

Hilo unalijua. Waonyeshe vijana wako jambo la pili: wasome orodha kuanzia chini. Wa mwisho siku ile, wa nane, Mwingereza Andrew Osagie, alikimbia 1:43.77. Kwa muda huo angechukua dhahabu ya Beijing 2008, ya Athens 2004 na ya Sydney 2000. Wa mwisho! Nijel Amos wa Botswana, kijana wa miaka 18, akatoka na fedha kwa 1:41.73. Wale wote walipata kasi ile wapi, kama si kwa kuburutwa na mtu mmoja?

Naongeza jambo, nisije nikaeleweka vibaya na walimu wenzangu. Nimesimama na saa yangu ya kamba shingoni kwenye mashindano mengi ya shule, na najua watoto wengi wanaotangulia wanavyoishia. Mzunguko wa kwanza anapungia marafiki mkono. Wa pili ameacha kupunga. Wa tatu mabega yamepanda mpaka masikioni, kichwa kinayumba, na wale aliowaacha wanampita mmoja mmoja huku mwenyewe akiangalia vidole vya miguu. Huyo simsifu, namfundisha. Ninayemsifu ni aliyetangulia akafika.

*Mwalimu, mimi nakupa Bayi wako huyo huyo. Moscow 1980, mita 3000 kuruka viunzi na maji, alitangulia kwa pengo kubwa, na mzunguko wa mwisho akapitwa na Bronisław Malinowski wa Poland. Akapata fedha. Alphonce Simbu, kijana wetu wa Singida, alikaa na kundi, akasubiri, akaleta dhahabu ya dunia ya marathoni. Chagua moja.*
*Dereva wa lori, Singida*

Hii ndiyo barua bora ya mwezi, na ingekuwa mamlaka yangu ningekutumia mafuta ya safari moja.

Usiku ule wa Septemba 2025 wengi mlikuwa mmelala. Kule Tokyo jua limeshapanda, kwetu ni saa tisa usiku na ushei, mimi niko barazani na simu, chaji imebaki kidogo, na mke wangu ananiita ndani kwa mara ya nne. Wanaingia uwanjani. Mjerumani Amanal Petros yuko mbele. Mita mia moja, bado yuko mbele. Simbu anakuja upande, anakuja, na kwenye mstari ule wenyewe Petros anajitupa kifua na kuanguka chini. Wote wawili wameandikiwa 2:09:48. Tofauti ni sekunde 0.03. Kilomita 42 na ushei, kisha mshindi anatafutwa kwenye picha! Nilipiga kelele mpaka jirani akawasha taa akidhani kuna mwizi.

Sasa unaniambia nichague. Kuheshimu na kushangilia ni vitu viwili. Nilimshangilia Simbu, na nitamshangilia kesho. Petros nilimheshimu, na ninamheshimu leo. Isitoshe marathoni ya joto vile si mita 1500. Anayekwenda peke yake kilomita ya tano anaokotwa na gari la wagonjwa kilomita ya thelathini. Ninachozungumzia ni mbio ambazo mtu anaweza kuthubutu na bado akabaki hai.

Na kuhusu Moscow: fedha ile ya Bayi, pamoja na ya Suleiman Nyambui ya mita 5000 mwaka ule ule, ndizo medali mbili za Olimpiki tulizonazo Watanzania mpaka hivi sasa. Kwa hiyo huyo unayesema kutangulia kulimponza ameshika nusu ya hazina yetu yote. Endesha salama.

*Mwalimu, umesahau Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali aliegemea kamba, akamwacha George Foreman apige mpaka achoke, raundi ya nane akamwangusha. Huo ni uviziaji mtupu, na ndio pambano kubwa kuliko yote Afrika.*
*Fundi gereji, Lubumbashi*

Fundi, watu wengi hulitazama pambano lile kuanzia raundi ya pili. Rudi kwenye kengele ya kwanza. Ali hakwenda kwenye kamba. Alimwendea Foreman katikati ya ulingo akamchapa mkono wa kulia, bila kutanguliza jabu, ile ngumi nyepesi ya kushoto, tena na tena. Bondia hafanyi hivyo kwa mtu mwenye konde kama la Foreman, maana ule mkono wa kulia una safari ndefu na unakuacha wazi. Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40, hajapoteza hata moja. Ali ana 32. Nani alitangulia hapo?

Zile kamba zilikuja baadaye, alipoona jamaa hatikisiki. Huko ni kubadili mpango katikati ya kazi, na wewe fundi unakujua vizuri. Lakini naamini, na hapa wa ngumi watanirukia, kwamba Foreman alianza kupiga kwa hasira kwa sababu ya zile ngumi za raundi ya kwanza. Hasira ndiyo iliyommaliza mikono.

*Mwalimu, mie ni mama lishe, na ni Yanga damu. Hayo ya mbio siyajui. Nataka uniambie: mwaka 2023 tulifungwa na USM Alger hapa nyumbani 2-1, tukaenda kwao Algiers tukawafunga 1-0. Mbili kwa mbili. Kombe la Shirikisho wakachukua wao eti goli la ugenini. Hiyo ni haki?*
*Mama lishe, Temeke*

Pole, dada. Najua kidonda hiki hakijapona, na nyie wa Temeke uwanja mnauona kwa macho.

Kanuni ya goli la ugenini, kwamba mabao yakilingana anashinda aliyefunga mengi ugenini, ilitungwa kwa nia njema: timu ikienda ugenini isijifungie golini mwake dakika tisini, itoke, ishambulie. Yaani ni kanuni ya kumlipa anayethubutu. Sasa itazame ilichokifanya. Yanga walikwenda Algiers wakiwa nyuma, mbele ya uwanja uliojaa fataki na moshi, wakashambulia, wakashinda. Wamefanya kile kile ambacho kanuni inakihimiza, wakarudi mikono mitupu. Ulaya waliifuta mwaka 2021. Ningeifuta hata mimi, na mechi ile ingekwenda kwenye muda wa nyongeza.

Ila nitakuudhi kidogo. Kwa Mkapa waliotangulia kufunga ni wao. Fiston Mayele akasawazisha dakika za lala salama, uwanja ukalipuka, na kabla watu hawajakaa chini Waarabu wakapachika la pili. Watu walikuwa bado wanakumbatiana. Kombe liliondokea pale, siyo Algiers.

Usinishuku Usimba. Mimi ni Coastal Union, ubingwa wetu wa ligi ni wa 1988, na maumivu ya mpira tunayajua kuliko nyinyi wenye mabasi mapya.

*Mwalimu, mwaka 2009 Mtanzania Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili klabu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zilipogawana wachezaji wapya, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Alitangulia. Kisha?*
*Mchezaji wa kikapu, Upanga*

Hapo waliotangulia ni Memphis Grizzlies, klabu iliyomchagua. Yeye aliitwa tu. Mtanzania aliyeitwa wa pili katika chumba kile simcheki, na ningeomba na wewe uache.

*Sheikh Mwalimu, miaka yote hii hujaandika hata mstari mmoja juu ya bao. Au kwako wewe mchezo ni mpaka mtu atoke jasho? Ungelijua bao usingesema hayo ya kutangulia. Mwenye pupa ya kuimaliza nyumba yake, lile shimo kuu la kete, mapema, sisi huku tunamnunulia kahawa ya kumpoza.*
*Mzee wa baraza, Unguja*

Shikamoo, mzee wangu. Jasho linatoka, nimeliona likidondoka kwenye kete. Kila mtu ana kete 32, anaanza na 22 mkononi, sita ziko nyumba, na asiyejua anadhani ni mchezo wa kupitisha muda mpaka aone watu wazima wawili hawasemeshani wiki nzima kwa sababu ya kete moja iliyoangukia shimo la jirani. Kuhusu kuitumia nyumba mapema, nina majibu, lakini bao silibishani na mtu wa Unguja kwa maandishi. Nikivuka bahari nitakuja tulicheze.

Swali la toleo lijalo, kwa wote: mechi imefika penalti, sarafu imerushwa, wewe nahodha umeshinda. Unachagua timu yako ianze kupiga au ipige ya pili? Nipe sababu, na unitajie mechi uliyoiona kwa macho yako mwenyewe. Barua isizidi ukurasa mmoja. Mwenye matusi nayapokea pia, ila ayaandike kwa herufi kubwa. Miwani yangu imekatika mkono mmoja.